Wajibu wa Wazazi kwa Mtoto Aliyepotewa na Akili

Mtoto akishikwa na homa, wazazi hawabishani. Wanamfunika, wanambeba, wanampeleka kwenye kituo cha afya, na majirani wanakuja kuwapa pole. Lakini mtoto akianza kucheka peke yake, akiogopa chakula cha mama yake, akitembea usiku bila kujua aendako, akijibu sauti ambazo wengine hawazisikii, mara ukoo wote unagawanyika. Shangazi asema ni ulozi. Mjomba asema ni mashetani, apelekwe chumba cha maombi. Baba ananyamaza kwa haya. Mama analia. Na hospitali, kama inatajwa, inatajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba kumpeleka mtoto kule ni kumzika angali hai.

Basi swali la somo hili ndilo hili: wazazi wana deni gani kwa mtoto wa namna hiyo? Je, kumpeleka kwa waganga wa ugonjwa wa akili ni kumtupa? Je, ni alama ya imani haba? Au ni wajibu, sawasawa na wajibu wa kumlisha na kumvika?

Wanaouliza hivyo si watu wabaya. Wengi wao wanampenda mtoto kuliko nafsi zao, na ndiyo maana wamezunguka kwa mfumu na kwa mtumishi wa maombi mpaka mbuzi wa mwisho ameuzwa. Hawakukosa mapendo. Mara nyingi walikosa kuuliza swali lililo sawa.

1. Swali aliloliuliza Yezu

Mtakatifu Marko, katika sura ya 9 ya Injili yake, asimulia habari za baba aliyemleta mtoto wake kwa Yezu. Mtoto yule alikuwa akianguka chini, akitoka povu, akisaga meno, akikauka mwili. Mara nyingi alianguka motoni na majini. Wafuasi walijaribu kumponya, wasiweze. Watu wengi walikusanyika, na waandishi walikuwa wakibishana. Mtoto analala mavumbini, na wakubwa wanashindana kwa maneno: je, jambo hilo halionekani hata leo?

Yezu hakuingia katika mabishano yale. Alimgeukia baba, akamwuliza mambo haya yametokea tangu lini. Baba akajibu kwamba tangu utoto. Swali hilo ni fupi, na wasomaji wengi hulipita upesi ili wafike kwenye mwujiza. Lakini lafaa kuangaliwa. Bwana hakumwuliza baba: "Nani amemloga?" Hakuuliza ni jirani gani mwenye wivu, wala ni bibi gani aliyempa mtoto karanga usiku. Aliuliza habari za mtoto mwenyewe na za mateso yake.

Kati ya maswali haya mawili, "Nani?" na "Tangu lini?", pana tofauti kubwa sana. Swali la kwanza linatafuta adui. La pili linamtafuta mgonjwa. Anayeuliza "Nani?" hutoka nyumbani na kumwacha mtoto nyuma yake, akaenda kumtazama jirani kwa jicho baya. Anayeuliza "Tangu lini?" huketi karibu na mtoto. Na hilo la pili ndilo swali la kwanza ambalo kila mganga mwema wa hospitali anamwuliza mama.

Mtu ataweza kusema: "Lakini Injili yasema mtoto yule alikuwa na pepo." Ndiyo, yasema hivyo, na Kanisa halikani kwamba shetani yupo. Jambo hilo litajibiwa mahali pake. Kwa sasa itoshe kujua kwamba hata palipokuwa na pepo, Bwana alianza kwa kumsikiliza mzazi.

2. Ubongo nao ni kiungo cha mwili

Moyo waweza kuugua, ini laweza kuugua, mapafu yaweza kuugua. Hakuna mtu anayeshangaa. Ubongo nao ni kiungo, na Mungu hakuuweka nje ya udhaifu wa mwili. Magonjwa yanayovuruga akili ya mtoto ni ya namna nyingi, na mzazi hawezi kuyatambua kwa macho tu.

Yako yanayotoka katika magonjwa ya mwili yajulikanayo. Malaria ikipanda ubongoni, mtoto huweweseka na kutetemeka kwa degedege, na asipotibiwa upesi hufa. Homa ya uti wa mgongo hufanya vivyo hivyo. Ugonjwa wa malale, ambao umewatesa watu wa Kongo kuliko watu wa nchi nyingine yoyote, ukiingia ubongoni humfanya mgonjwa alale mchana na kukesha usiku, ageuke tabia, atukane, atangetange. Wangapi zamani waliitwa wenye wazimu, kumbe walikuwa na vijidudu vya mbung'o katika damu! Tangu mwaka 2018 iko dawa ya kumeza, fexinidazole, inayowatibu wengi wao bila sindano. Anayempeleka mgonjwa wa namna hii kwa mfumu anapoteza siku ambazo hazitarudi.

Kisha kuna kifafa. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kwamba watu kama milioni 50 duniani wana ugonjwa huo, na kwamba hata 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepewa dawa zinazofaa. Moja ya dawa hizo, phenobarbital, imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, nayo ni ya bei ndogo. Kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa. Hata hivyo watoto wameungua motoni kwa sababu waliokuwapo waliogopa kuwashika.

Mwishoni kuna magonjwa ya akili yenyewe. Mmoja wao ni ule ambao waganga wanauita skizofrenia: mgonjwa husikia sauti, huamini kwamba watu wanataka kumwua, mawazo yake hukatika kama uzi mbovu. Mara chache huonekana kwa mtoto mdogo. Kwa kawaida huanza kwa kijana anayekaribia utu uzima. Mwingine ni huzuni nzito isiyo na sababu ionekanayo, inayomwondolea kijana usingizi na hamu ya chakula mpaka atamani kufa. Shirika hilohilo la Afya laeleza kwamba theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi aweza kuwa wa kwanza kuona. Mtoto aliyekuwa mwepesi wa hesabu ameacha kujibu. Aliyekuwa msafi haogi tena. Aliyekuwa na rafiki ameketi peke yake chini ya mti, midomo ikichezacheza. Mwalimu asimpige fimbo kwa uvivu kabla hajauliza: tangu lini?

3. Swali linaloua

Katika miji ya Kongo, na zaidi Kinshasa, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa walozi. Nani hasa huitwa hivyo? Yatima, mtoto wa mke wa kwanza, mlemavu, mwenye kifafa, mwenye kukojoa kitandani, mwenye kusema peke yake usiku. Yaani walio dhaifu kuliko wote ndani ya nyumba. Hiyo tu ingetosha kumfungua macho mwenye hekima. Kama kweli mtoto angekuwa na nguvu ya kuua watu wazima, ingekuwaje akubali kulala njaa sokoni?

Sheria ya nchi imesema waziwazi. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki kwa ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika ibara ya 160, inamwadhibu mwenye kumshitaki mtoto kwa ulozi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini. Mkristu hawezi kusema hajui.

Lakini afadhali kuliko hofu ya gereza ni kuelewa uovu wenyewe. Mtoto mgonjwa wa akili tayari anasikia ndani ya kichwa chake sauti zinazomwambia kwamba yeye ni mbaya na kwamba atakufa. Halafu mama yake, mtu wa mwisho aliyebaki kumtegemea, anamwambia maneno yaleyale. Aende wapi sasa? Mara nyingine atakiri yote anayoulizwa, hata kwamba amekula watu, kwa maana amechoka kupigwa, au kwa maana ugonjwa wenyewe umemfanya aamini hivyo. Kukiri kwa namna hiyo hakuonyeshi ukweli wowote.

Na ikiwa katika ugonjwa wake amempiga mama yake, au amevunja vyombo, au ametukana, je, ametenda dhambi? Kila mkatekumeni anajua kwamba dhambi ya mauti yahitaji jambo zito, kujua kabisa, na kutaka kabisa. Ambaye akili yake imefungwa hajui kabisa wala hataki kabisa. Basi asiadhibiwe kama mkosaji.

4. Sala na dawa

Wengine wasema: "Sisi ni watu wa imani. Tutasali, Mungu atamponya. Kwenda hospitali ni kumwonyesha Mungu kwamba hatumtumaini." Neno hili lina sura ya utakatifu, kwa hiyo lastahili jibu la heshima.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kwamba mganga aheshimiwe, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa amri yake. Chamwambia mgonjwa asali, kisha ampe mganga nafasi yake. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja. Mkulima Mkristu husali apate mavuno, na bado hulima. Asiyelima akingojea muhogo uote kwa rozari hamtumaini Mungu, anamjaribu.

Juu ya pepo, Kanisa lina utaratibu wake. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba hakuna ruhusa kwa mtu yeyote kufanya ibada ya kuwafukuza mashetani kwa mwenye kupagawa isipokuwa padri aliyepewa idhini ya pekee na Askofu wake. Na Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 1673, yaonya kwamba ugonjwa, hasa ule wa akili, ni jambo jingine, nao ni wa elimu ya uganga. Lazima kwanza ijulikane kwamba si ugonjwa. Basi wale wanaomfungia mtoto katika chumba cha maombi, wakimnyima chakula na maji siku 3 au siku 7, wakimtia pilipili machoni, wakimchoma au kumkanyaga tumbo ili "kitu" kimtoke, hawana amri ya Mungu wala ya Kanisa. Mfungo ni sadaka ya mtu anayeitoa kwa hiari, na mtoto mgonjwa hawezi kufungishwa. Njaa na kiu humwongezea ugonjwa, na mwenye kifafa aliyekatazwa dawa zake aweza kufa katikati ya nyimbo.

Upo mfano wa zamani unaoonyesha jinsi sala na dawa zilivyokaa nyumba moja. Katika nchi ya Ubelgiji kuna mji uitwao Geel, wenye kanisa la Mtakatifu Dymphna, msimamizi wa wagonjwa wa akili. Tangu karne za kati, mahujaji waliwaleta wagonjwa wao hapo kusali. Nyumba ya wagonjwa karibu na kanisa ikajaa, wenyeji wakaanza kuwapokea wageni hao katika nyumba zao. Wagonjwa wakala mezani pamoja na watoto wa nyumba, wakaenda shambani pamoja na baba wa nyumba. Katika karne ya 19 waganga nao wakaja kukaa Geel, na hakuna aliyesema wafukuzwe kwa kuwa mtakatifu anatosha. Kabla ya vita kuu ya pili wageni wa namna hiyo walikuwa zaidi ya 3,000, na desturi hiyo haijafa hata leo. Tena mwaka 1958, huko Beerse, si mbali na Geel, mganga Paul Janssen na wenzake waligundua dawa iitwayo haloperidol, ambayo hutolewa hata Kongo kwa wenye kusikia sauti. Watu walisali kwa karne nyingi ili wagonjwa wa akili wapate nafuu. Mkristu akiona dawa imepatikana, atasema sala imekataliwa, au imejibiwa?

5. Je, yafaa kumshika kwa nguvu?

Hapa mzazi mwenye dhamiri hupata taabu. Mtoto anakataa kwenda. Asema hana ugonjwa, ila watu wanamwonea. Je, yafaa kumshika na kumpeleka kwa nguvu? Na nyumbani, yafaa kumtilia dawa ndani ya uji bila yeye kujua?

Juu ya nguvu, jibu linatokana na kusudi lake. Mama humkamata mtoto anayekimbilia mtoni, wala haombi ruhusa yake. Akili ya mtoto mgonjwa ikiwa imefungwa, na ikiwa yuko katika hatari ya kujiua, ya kuwaumiza wengine au ya kupotea porini, wazazi wana haki ya kumshika, tena wana wajibu. Lakini nguvu hiyo ina mipaka. Iwe ndogo kadiri iwezekanavyo. Iwe ya muda mfupi, mpaka mahali pa msaada. Ifanywe na watu wanaompenda, wakimweleza kwa upole wanampeleka wapi, hata kama haonekani kuelewa, kwa maana wengi waliopona hukumbuka yote waliyotendewa. Isiwe ya hasira wala ya aibu mbele ya watu. Mnyororo mguuni mwezi baada ya mwezi nyuma ya nyumba, au gogo lililotobolewa ili kufunga mguu, haviwezi kuitwa matunzo. Siku hizo vilianza kwa hofu, zikaisha kwa mazoea.

Juu ya dawa ya siri, lafaa jibu la tahadhari zaidi. Mtoto anayeogopa kwamba chakula chake kina sumu, kisha akavumbua kwamba kweli kulikuwa na kitu ndani ya uji, hatamwamini mama yake tena, na kwa upande huu hatakuwa amekosea. Basi mzazi asifanye hivyo kwa shauri lake mwenyewe. Aeleze shida yake kwa mganga. Ziko njia nyingine, na mara nyingi mtoto akianza kulala vizuri siku chache katika hospitali, hofu hupungua, naye hukubali kumeza mwenyewe.

Jambo moja lisicheleweshwe kamwe. Kijana akisema kwamba anataka kufa, asijibiwe kwamba anatafuta huruma, wala asikaripiwe kwa kutaja dhambi. Aulizwe kwa upole, asiachwe peke yake, na kamba, panga, dawa za kuulia wadudu na vidonge viondolewe mbele yake. Siku hiyohiyo apelekwe kwa mwuguzi.

6. Kumpeleka si kumtupa

Wazee wanaogopa nyumba za wagonjwa wa akili, na hofu yao haikutoka hewani. Zamani, Ulaya na Afrika, nyingi za nyumba hizo zilikuwa kama magereza, kwa kuwa waganga hawakuwa na dawa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, waganga Jean Delay na Pierre Deniker waliandika habari za wagonjwa wao waliotulizwa kwa dawa iitwayo chlorpromazine. Tangu hapo wagonjwa wengi wameweza kurudi nyumbani kwao baada ya majuma au miezi, mahali pa kukaa humo mpaka kufa.

Wala isisemwe kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Mwaka 1954, mganga Thomas Adeoye Lambo, mwana wa Nigeria, alianzisha utaratibu mpya huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Wagonjwa walikaa katika vijiji vya jirani, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumpikia na kumlinda. Mchana walipata matibabu, jioni walirudi kijijini. Lambo alijua jambo ambalo kila Mwafrika analijua, kwamba mtu hapati nafuu akiwa ametengwa na watu wake. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mtoto asimwache mlangoni na kutoroka. Awepo mlinzi wa mgonjwa, wa ukoo wake, anayemjua. Kumtupa kunaanza pale ambapo hakuna anayerudi kumwona.

Katika Kongo nyumba hizi ni chache mno kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 100. Kinshasa kuna kituo cha Chuo Kikuu kiitwacho CNPP. Mabruda wa Frères de la Charité, shirika lililoanzishwa na padri Petrus Jozef Triest huko Gent mwaka 1807, wamefanya kazi hiyo Lubumbashi katika kituo chenye jina la mganga Joseph Guislain, Bukavu katika kituo cha SOSAME, na Goma katika kile cha Tulizo Letu. Anayekaa mbali na miji hiyo aanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mwuguzi ataweza kupima malaria na kutafuta magonjwa ya mwili, kutoa dawa ya kifafa, na kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Mama achukue katika kichwa chake, au katika daftari, mambo haya: ugonjwa ulianza lini, mtoto analalaje, alikuwa na homa au degedege, aligongwa kichwani, ameonja bangi au pombe, ameona mambo gani ya kutisha wakati wa vita. Asifiche kwamba walikwenda kwa mfumu, wala majani gani alinyweshwa. Mwuguzi hayupo pale kuhukumu.

Tena yafaa wazazi waambiwe mapema mambo mawili yanayoharibu matibabu mengi.

La kwanza ni hili. Dawa kama haloperidol yaweza kukaza shingo ya mtoto, kuyageuza macho yake juu, au kuukakamaza ulimi. Wanaoona wasema: "Tazameni, pepo amerudi!" nao wanamtoa hospitali. Kumbe ni dawa yenyewe, na mganga anayo dawa nyingine ya kuondoa hali hiyo kwa muda mfupi. Ndiyo sababu dawa hizi kwa mtoto hupimwa na anayezijua, wala hazinunuliwi sokoni kwa kufuata kidonge cha jirani.

La pili ni kuacha dawa siku mtoto anapoanza kucheka tena na wenzake. Wazazi wanafurahi, wanatoa shukrani kanisani, na vidonge vinasahauliwa juu ya kabati. Baada ya majuma au miezi ugonjwa unarudi, mara nyingine kwa nguvu zaidi. Dawa ipunguzwe na aliyeitoa.

7. Juu ya mali

Limebaki swali ambalo watu hulisema kwa siri. Nyumba ina watoto 6. Mmoja ni mgonjwa. Safari, kitanda, dawa na chakula cha mlinzi vitakula karo ya shule ya wale 5. Je, ni haki?

Bwana alisema mfano wa mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja aliyepotea. Wazazi wengi wamefarijika kwa mfano huo. Lakini mchungaji yule aliwaacha wale 99. Hakuwauza. Mwaka 1957, Baba Mtakatifu Pius XII, akisema na waganga, alifundisha kwamba kwa kawaida mtu analazimika kutumia njia za kawaida tu za kulinda uzima, si zile zinazomtwika yeye au wengine mzigo wa kupita kiasi. Kumpeleka mtoto kwa mwuguzi, kumpa dawa ya bei ndogo kila siku, kumlaza mahali safi, kumlisha pamoja na wengine: hizo ni njia za kawaida. Hakuna mzazi aliyesamehewa hayo. Bali kuuza shamba la mwisho ili kumlipa mtu anayejigamba kwamba atamponya kwa usiku mmoja, hakuna aliyeamriwa hivyo. Na ikihesabiwa vema, mara nyingi itaonekana kwamba mali iliyomalizwa kwa wafumu na katika vyumba vya maombi ingetosha kwa dawa ya miezi mingi.

Hata hivyo ziko nyumba ambazo haziwezi hata njia za kawaida. Kwao neno la kuwahukumu lisitamkwe. Hapo deni linatoka kwa wazazi na kuingia kwa ukoo, na kutoka kwa ukoo kuingia kwa jumuiya ya Wakristu. Watu wanaochanga kwa ajili ya maziko waweza pia kuchanga kwa ajili ya safari ya mgonjwa. Jumuiya inayowatembelea wenye kuvunjika mguu iende vilevile kwa mama mwenye mtoto huyu, ikae naye nusu siku ili mama apate kulala. Katekista asome daftari la ubatizo na aulize ni watoto gani ambao hawaonekani tena kwenye mafundisho, na kwa nini. Mwalimu amwekee mahali darasani yule anayerudi kutoka hospitali, awakataze wenzake kumcheka, na kama darasa la kwanza ni zito kwake, amwache aanze na kazi ndogo.

Basi jibu la swali ni hili. Mtoto aliyepotewa na akili hakupotewa na haki yake ya kutunzwa. Hiyo si sadaka ambayo wazazi waweza kumpa au kumnyima kwa kadiri ya haya zao. Ni deni. Wanalilipa kwa kusali, ndiyo, na kwa kumpeleka mapema kwa wanaojua, na kwa kubaki naye huko, na kwa kumpokea tena. Mtakatifu Luka, akisimulia habari za mtoto yuleyule wa Injili, aongeza neno moja ambalo wengine hawakuliandika: Yezu alipokwisha kumponya, alimrudisha kwa baba yake.